Kutoka Kitandani Hadi Njiani: Historia ya Mazoezi na Ugonjwa wa Huzuni

Leo sitazungumzia chanjo wala lishe. Nataka tumzungumzie mama anayelia bila kujua analilia nini, na mlezi ambaye moyo humwenda mbio usiku kucha ingawa watoto wote wamelala salama. Watu kama hao wakitueleza shida yao, wengi wetu tuna majibu mawili tu: "Pumzika," au "Jikaze." Majibu hayo yana historia yake, na historia hiyo inamhusu mama kuliko mtu mwingine yeyote. Vuta kiti, usikilize.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Ugonjwa ninaousema madaktari wanauita dipresheni. Vitabu vingine husema unyogovu, na majirani zetu wa Tanzania husema sonona. Mimi nitauita ugonjwa wa huzuni. Si ile huzuni ya kufiwa au ya kukosa karo, ambayo hupungua siku zinavyokwenda. Ni huzuni inayokaa majuma mawili au zaidi, ikaondoa usingizi, ikaondoa hamu ya chakula, na wakati mwingine ikaondoa hata hamu ya kumbeba mtoto wako mwenyewe. Ndugu yake wa karibu ni ugonjwa wa wasiwasi: hofu isiyoisha, kifua kubana, mikono kutoka jasho. Mara nyingi ndugu hao wawili hutembea pamoja.

Watu wa kale waliujua ugonjwa huu. Wagiriki wa wakati wa Hippocrates, yapata miaka 400 kabla ya Kristo, walidhani unaletwa na nyongo nyeusi iliyozidi mwilini. Kuhusu nyongo walikosea, lakini walifundisha kwamba chakula pekee hakimweki mtu katika afya, ni lazima aufanyishe mwili kazi pia. Waislamu nao waliendeleza elimu hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyeishi kati ya mwaka 850 na 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akatenga huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayokuja bila sababu. Hebu fikiria, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kuna aliyeona kwamba mtu anaweza kuhuzunika bila kuwa na la kuhuzunikia, na asimlaumu. Ibn Sina, katika kitabu chake kikubwa cha tiba kilichokamilika karibu mwaka 1025, aliyapa mazoezi ya mwili nafasi kubwa katika kulinda afya. Na mwaka 1621 Mwingereza Robert Burton, mtu ambaye mwenyewe alisumbuliwa na huzuni, aliandika kitabu kinene kuhusu ugonjwa huo na kuyataja mazoezi miongoni mwa dawa zake.

Hata hivyo, kuandika ni jambo moja na kutenda ni jingine. Kwa karne nyingi watu waliougua akili huko Ulaya walifungwa minyororo. Mwaka 1796 mfanyabiashara mmoja wa chai, William Tuke, alifungua nyumba ya wagonjwa karibu na mji wa York, Uingereza, ambako wagonjwa walitendewa kama binadamu, wakalima bustani na kutembea nje. Wengi walipata nafuu.

Sasa tufike kwenye sehemu inayonigusa zaidi. Katika miaka ya 1870 alikuwako daktari mashuhuri huko Philadelphia, Marekani, aliyeitwa Silas Weir Mitchell. Yeye aliamini kwamba mwanamke mwenye huzuni au wasiwasi amechoka mishipa yake ya fahamu, kwa hiyo dawa ni mapumziko. Lakini mapumziko yake, mama, si yale ya kukaa chini ya mwembe. Mgonjwa alilazwa kitandani majuma sita au zaidi. Alitengwa na jamaa zake. Hakuruhusiwa kusoma, kuandika wala kushona, na pengine hata kujigeuza mwenyewe. Alilishwa maziwa mengi ili anenepe. Na kwa kuwa daktari alijua misuli isiyotumika hunyauka, alileta mtu wa kumkanda na mashine ya umeme ya kuistua misuli hiyo. Yaani alikubali kwamba mwili unahitaji kuchezeshwa, ila hakutaka mwenye mwili auchezeshe mwenyewe!

Na wanaume je? Wanaume wenye shida hiyo hiyo, Mitchell na wenzake waliwapa ushauri wa kinyume kabisa: waende magharibi mwa Marekani, wakapande farasi, wakachunge ng'ombe, wakawinde. Mchoraji mashuhuri Thomas Eakins, baada ya kufukuzwa kazi na kuvunjika moyo, alitumwa huko Dakota mwaka 1887, akarudi akiwa na nguvu. Mwanamume akitoka nje, mwanamke akifungiwa ndani: hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya zama zile. Naona haikuwa sayansi. Ilikuwa desturi iliyovaa koti la daktari.

Mwaka huo huo wa 1887, mama mmoja kijana alifika kwa Dk. Mitchell. Jina lake Charlotte Perkins Gilman, ingawa wakati huo alitumia jina la mume wake wa kwanza, Stetson. Kabla ya kuolewa alikuwa msichana wa mazoezi, mwenye kujivunia nguvu za mwili wake. Mwaka 1885 alijifungua binti, na tangu hapo akawa analia kila siku. Leo tungesema ni ugonjwa wa huzuni unaompata mama baada ya kujifungua, na pengine ulianza hata kabla. Daktari alimlaza kitandani yapata mwezi mmoja, kisha akamrudisha nyumbani na maagizo: akae na mtoto wakati wote, alale kila baada ya mlo, asishughulishe akili zaidi ya saa mbili kwa siku, na asishike kalamu tena maisha yake yote.

Charlotte alitii kwa miezi michache, na kwa maelezo yake mwenyewe alikaribia kurukwa na akili. Mwishowe aliyatupa maagizo yale, akarudia kazi na maisha ya nje, na akapata nafuu ya kutosha. Mwaka 1892 alichapisha hadithi kuhusu mama aliyefungiwa chumbani hivyo mpaka akapata wazimu, na mwaka 1913 akaeleza kwamba aliiandika ili kuwaokoa wengine. Sisemi kwamba mazoezi ndiyo yaliyomponya, kwa maana alibadilisha mambo mengi maishani mwake, ndoa ikiwemo, na huzuni iliendelea kumrudia mara kwa mara. Lakini kisa chake kilionyesha wazi kwamba kumlaza mama mwenye huzuni na kumtenga kunaweza kumzidishia ugonjwa.

Hapa huenda nyanya mmoja ananiuliza: je, arobaini yetu ni makosa? La, nyanya. Mama aliyejifungua anahitaji kupumzika, kukandwa kwa maji moto, kupikiwa uji na kusaidiwa mtoto. Tofauti ni kwamba katika arobaini anazungukwa na watu. Tatizo huanza pale ambapo watu wameondoka, arobaini imekwisha, na mama bado yuko chumbani amefunga mapazia.

Ilichukua muda mrefu kabla ya madaktari kuacha kubishana kwa maneno na kuanza kupima. Mwaka 1905 Wamarekani wawili, Franz na Hamilton, waliwafanyisha mazoezi wagonjwa wachache wenye huzuni nzito na kuona uzito wa mwili na wa mawazo ukipungua. Wagonjwa walikuwa wachache mno, na jambo lenyewe likasahauliwa. Mwaka 1953 Jerry Morris wa London alichapisha utafiti wake juu ya wafanyakazi wa mabasi. Dereva alikaa kitini siku nzima, na kondakta, yaani makanga wa huko, alipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa mara nyingi. Makanga walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Utafiti huo haukuhusu huzuni, lakini uliwafundisha wanasayansi kuuliza swali jipya: mwendo unafanya nini ndani ya mtu?

Swali hilo liliulizwa kuhusu huzuni mwaka 1979, huko Wisconsin, Marekani. Daktari John Greist na wenzake walichukua wagonjwa 28. Baadhi walipewa mtu wa kukimbia naye polepole, wengine wakapewa mshauri wa kuzungumza naye. Waliokimbia walipata nafuu sawa na waliozungumza. Mwaka 1985 Egil Martinsen wa Norway alitangaza matokeo ya wagonjwa waliolazwa hospitalini: kundi moja lilifanya mazoezi saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki tisa, na jingine likafanya kazi za mikono wakati huo. Waliofanya mazoezi walipona zaidi. Hawa walikuwa watu wagonjwa hasa, waliolazwa wodini, si watu wenye mawazo ya siku moja.

Kisha ukaja utafiti uliozungumzwa sana. Mwaka 1999 James Blumenthal wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliwagawa watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika makundi matatu. La kwanza lilipewa dawa iitwayo sertraline, la pili likatembea kwa kasi au kukimbia polepole kwa nusu saa, mara tatu kwa wiki, na la tatu likafanya yote mawili. Mwanzoni dawa ilifanya kazi haraka zaidi. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamelingana. Na yalipofuatiliwa miezi kadhaa baadaye, wale waliopona kwa mazoezi ndio waliorudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi.

Usikimbilie kutupa dawa zako, mama. Blumenthal mwenyewe alirudia jaribio mwaka 2007 akiwa na watu 202, safari hii akiongeza kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopona kwa mazoezi ya pamoja walikuwa asilimia 45, waliotumia dawa asilimia 47, na wale wa kidonge kitupu asilimia 31. Kwa hiyo sehemu ya nafuu hutoka katika kuangaliwa na kutiwa moyo. Na kwa upande wa wasiwasi, Wajerumani walipima mwaka 1998 watu wenye mishtuko ya hofu ya ghafla: kukimbia kulisaidia kuliko kidonge kitupu, lakini dawa iliwahi na kusaidia zaidi. Mwaka 2024 jarida la madaktari la Uingereza lilikusanya tafiti 218 zenye watu zaidi ya 14,000. Kutembea au kukimbia polepole, yoga, na mazoezi ya kuinua vitu vizito ndiyo yaliyoonekana kusaidia zaidi. Tafiti nyingi kati ya hizo zilikuwa na kasoro, na waandishi walisema hivyo, lakini hata mwendo mwepesi ulikuwa na faida.

Na Afrika yetu ilikuwa wapi wakati huu wote? Hapa kuna jambo la kukasirisha kidogo. Daktari mkuu wa hospitali ya Mathari hapa Nairobi tangu mwaka 1938 hadi 1950 alikuwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichodai kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika. Alihesabu aliowaona wodini. Lakini jiulize, nani alipelekwa Mathari siku hizo? Aliyepiga watu, aliyevua nguo sokoni. Mama anayelia kimyakimya jikoni hakupelekwa popote, basi hakuhesabiwa.

Waliomjibu walikwenda kuwatafuta watu waliko. Daktari Margaret Field aliwakuta Ghana akina mama wengi kwenye madhabahu ya waganga, wakijishitaki wenyewe kuwa ni wachawi. Akatambua kwamba wengi wao walikuwa na ugonjwa wa huzuni, akaandika hivyo mwaka 1960. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, mpango wa kuwaweka wagonjwa vijijini pamoja na jamaa yao, wakitibiwa mchana hospitalini, huku wakiishi na kufanya kazi pamoja na wanakijiji. Hakuuita mazoezi, lakini hapakuwa na kulazwa kutwa kuangalia dari.

Karibu nasi zaidi, Mwingereza John Cox alifanya kazi Uganda katika miaka ya 1970. Baganda walikuwa na jina la zamani, amakiro, kwa ugonjwa wa akili unaompata mama baada ya kujifungua. Cox aliwachunguza wanawake 263 wa vijiji karibu na Kampala, akathibitisha mwaka 1979 kwamba huzuni na wasiwasi vipo kwa mama wa Kiafrika mjamzito na aliyejifungua kama vilivyo kwa mama wa Scotland. Aliporudi kwao alishirikiana na wenzake kuandaa maswali 10 ya kumtambua mama mwenye huzuni, yaliyochapishwa mwaka 1987 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Kumbuka basi, ukiulizwa kliniki kama umekuwa ukiweza kucheka, au kama unajilaumu bila sababu, kwamba sehemu ya mizizi ya maswali hayo iko hapa Afrika Mashariki.

Huko Queensland, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliunganisha mambo haya mawili. Akina mama wachache wenye huzuni baada ya kujifungua walitembea pamoja wakisukuma vigari vya watoto, na wengine wakakutana tu kuzungumza. Waliotembea walipungukiwa na huzuni zaidi. Sisi hatuhitaji kigari. Leso na mgongo vinatosha.

Utauliza, mwendo unafanyaje kazi? Mwaka 1975 wanasayansi wa Aberdeen waligundua kwamba ubongo hujitengenezea vitu vinavyofanana na dawa kali za maumivu, na kwa miaka mingi watu wakasema ndivyo vinavyomfurahisha mkimbiaji. Mwaka 2021 Wajerumani walivizuia vitu hivyo kwa dawa, na wakimbiaji wakafurahi vilevile na wasiwasi ukapungua vilevile. Inaonekana njia ni nyingi: kemikali nyingine za ubongo, usingizi unaokuja mapema, na mtu kuona kwamba leo ameweza jambo. Kwa mwenye wasiwasi kuna jingine. Akitembea haraka moyo wake hudunda na pumzi hupanda, kama wakati wa hofu, lakini hafi. Akirudia siku nyingi, mwili hujifunza kwamba moyo kudunda si hatari.

Sasa najua swali lako kubwa. "Mimi naamka alfajiri, nachota maji, nafua, nalima, napanda matatu na mzigo. Mazoezi gani tena?" Ni swali la haki. Watafiti wamelichunguza, na waliyakusanya matokeo mwaka 2017: mwendo wa kujiburudisha na wa kutembea safarini huenda pamoja na afya njema ya akili, lakini jasho la kazini halikuonyesha faida hiyo, na kazi za nyumbani hazikuonyesha tofauti yoyote. Kuchota maji unafanya kwa sababu huna budi, ukiwa na haraka, ukiwaza ugali. Misuli inafanya kazi na akili inabaki kwenye mzigo. Kwa hiyo nikisema mazoezi sikuongezei kazi ya kumi na moja. Nasema upate muda mfupi ambao ni wako. Na hapa nawageukia waume, mashemeji na mama wakwe wanaosikiliza: muda huo haupatikani mpaka mmoja wenu amshike mtoto.

Wala usidhani unatakiwa kukimbia kama Catherine Ndereba, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mwaka 2001. Watu karibu 34,000 walifuatiliwa Norway kwa miaka 11, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba hata saa moja kwa wiki, bila kasi kubwa, iliendana na kupungua kwa ugonjwa wa huzuni. Kwa wasiwasi hawakuona kinga hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2020 lilipendekeza angalau dakika 150 kwa wiki kwa watu wazima, na safari hii likawataja waziwazi akina mama wajawazito na waliojifungua, ilmradi hawana tatizo linalowazuia. Ukigawa ni kama dakika 20 kwa siku. Mwenye huzuni aanze na dakika tano hadi nyumba ya jirani na kurudi, maana huzuni huiba nguvu za kuanza. Ukimpata mwenzako wa chama mkubaliane saa, kwani siku utakayotaka kubaki kitandani yeye atabisha hodi. Uliyejifungua kwa upasuaji, unayetokwa damu nyingi, mwenye presha au uvimbe wa miguu, uliza kliniki kwanza.

Kuna hali ambazo kutembea hakuzitoshi. Mama akisema afadhali afe, au akiwaza kumdhuru mtoto, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akikesha siku kadhaa bila kulala huku akisema mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura kama damu inayotoka. Usimwache peke yake, usimfungie chumbani, na usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na mtoto abaki mikononi mwa mtu mwingine mnayemwamini. Aliyepewa dawa asiziache ghafla kwa sababu ameanza kutembea. Azungumze na aliyemwandikia.

Wiki ijayo, katika saa hii hii, tutazungumzia usingizi wa mama anayenyonyesha.